Mama anameza diklofenaki: je, vitamini zitalinda tumbo lake?

SWALI: Shikamoo daktari. Tupo Tandahimba, mkoani Mtwara. Mama yangu ana miaka 66, na magoti yanamsumbua, hasa msimu wa korosho anapokaa chini kutwa nzima akibangua. Kwa miezi minne sasa anameza diklofenaki ya miligramu 50 asubuhi, mchana na usiku, ananunua mwenyewe duka la dawa. Anatumia pia kidonge cha presha chenye losatani na haidroklorothiazaidi, pamoja na aspirini junia moja kila siku. Mwezi huu ameanza kulalamika kwamba tumbo linawaka moto hapa kwenye chembe ya moyo. Mtu mmoja anayeuza virutubisho ameniuzia vitamini C ya 1000, vitamini E, zinki na unga wa mlonge. Anasema vinajenga ukuta wa tumbo ili dawa zisiuchome. Je, ni kweli? Mama aendelee na diklofenaki akitumia na hivi?

JIBU: Marahaba. Hapana kwa yote mawili. Virutubisho hivyo havitamlinda, na diklofenaki aiache leo. Haihitaji kupunguzwa kidogo kidogo kama prednisoloni, inakatwa tu. Kidonge cha presha na aspirini junia aendelee kuvimeza kwa sasa, nitavirudia huko mbele.

Muuzaji wako amejengea hoja yake kwenye neno "kuchoma". Wengi wanaamini kidonge kinaunguza tumbo kinapoligusa, kama pilipili kwenye kidonda, kwa hiyo ukilipaka tumbo kitu au ukiliimarisha kwa vitamini, mambo yataisha. Mguso huo upo, lakini ni sehemu ndogo ya habari. Tumbo lina tindikali inayoweza kumeng'enya nyama, na lenyewe ni nyama. Kinacholizuia lisijimeng'enye ni ute mzito juu ya ngozi yake ya ndani, bikaboneti inayopoza tindikali chini ya ute huo, na damu nyingi inayopita kukarabati penye mchubuko. Vyote vitatu huendeshwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Prostaglandini hizo hizo ndizo zinazofanya goti livimbe na kuuma. Diklofenaki hufanya kazi kwa kuuzuia mwili usizitengeneze. Mwingereza John Vane alilieleza jambo hili kwa aspirini mwaka 1971, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1982 kwa kazi hiyo. Kwa maneno mengine, nafuu ya goti na madhara ya tumbo vinatoka chungu kimoja, na dawa inalifikia tumbo kupitia damu.

Ukilielewa hilo, imani kadhaa za mtaani zinaanguka zenyewe. Sindano ya diklofenaki "haipiti tumboni", lakini inaleta vidonda vya tumbo. Ya kuweka njia ya haja kubwa nayo vilevile. Kidonge chenye ganda gumu la nje hupunguza kichefuchefu tu, na kumeza baada ya ugali badala ya asubuhi tumbo likiwa tupu hupunguza kero ya kuwaka. Vidonda havizuiliki kwa njia hizo.

Sasa tuangalie mfuko uliouziwa.

Vitamini C ndiyo yenye kaushahidi kidogo. Aspirini hupunguza vitamini C iliyomo kwenye ukuta wa tumbo, na katika tafiti ndogo za watu wenye afya waliopewa aspirini kwa siku chache, waliopewa pamoja na vitamini C walionekana na michubuko michache zaidi walipopimwa kwa kamera. Lakini mchubuko wa siku tatu kwa kijana mzima wa afya si kidonda kinachovuja damu kwa mama wa miaka 66 aliyemeza diklofenaki miezi minne. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba vitamini C inazuia kuvuja damu huko. Tena vitamini C ya kawaida ni asidi, na miligramu 1000 kwa mkupuo juu ya tumbo lililokwisha kuwaka zinaweza kuongeza moto. Kama umeuziwa ile ya kuyeyusha kwenye maji inayotoa povu, kuna tatizo la pili: povu hilo linatokana na bikaboneti ya sodiamu, na kidonge kimoja kinaweza kubeba mamia ya miligramu za sodiamu. Kwa mtu wa presha hiyo ni chumvi ya ziada kila siku bila yeye kujua. Mama akitaka vitamini C, nanyi mko kwenye mikorosho, bibo moja bivu lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa la uzito uleule. Ale bibo. Uraka wake ndio asinywe, wala gongo, kwa sababu pombe na dawa za jamii ya diklofenaki zikikutana tumboni hatari ya kuvuja damu inapanda.

Vitamini E iache kabisa. Ile ya vidonge vya yuniti 400 hupunguza uwezo wa damu kuganda, na mama tayari anatumia aspirini inayofanya kazi hiyo hiyo. Badala ya kujenga ukuta, umemwongezea njia ya kuvuja.

Zinki ina mkanganyiko unaohitaji maelezo. Zinki iliyofanyiwa utafiti kwa ajili ya tumbo ni zinki karnosini, iliyounganishwa na kemikali ya protini ili ikae kwenye ukuta wa tumbo. Japani wanaitumia kama dawa ya vidonda vya tumbo tangu mwaka 1994. Utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2007 uliwapa watu kumi wenye afya indometasini, dawa ya jamii ya diklofenaki, kwa siku tano, na walipopewa zinki hiyo miligramu 37.5 mara mbili kwa siku, ukuta wa utumbo haukupenyeza vitu kama ulivyopenyeza bila ya zinki. Ni jambo la kutia moyo, lakini ni watu kumi, tena wazima. Na karibu zinki zote zinazouzwa madukani kwetu ni salfeti ya zinki, zile za miligramu 20 tunazowapa watoto wenye kuhara. Hiyo ni chumvi tofauti. Ukiimeza bila chakula inaleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo, yaani inaiga ugonjwa uleule unaoutibu. Kama lengo ni kutopungukiwa zinki tu, konzi moja ya korosho, gramu 30 hivi, inampa karibu miligramu 1.7 kati ya takriban 8 anazohitaji mwanamke kwa siku. Dagaa na kunde zitamalizia.

Mlonge kama mboga hauna tatizo. Majani yake ni lishe nzuri. Madai ya kulinda tumbo yametokana na majaribio ya panya, na panya si mama yako. Unga mwingi wa mlonge unaweza pia kushusha presha juu ya dawa anayotumia, akaona kizunguzungu akisimama.

Hapo hapo niseme kuhusu tangawizi, manjano na kitunguu saumu, maana hufuata kwenye maongezi haya: kwenye chai na mchuzi sawa, lakini kapsuli zake zilizokolezwa hazifai kwa mtu aliye kwenye aspirini. Shubiri inaharisha. Maziwa hutuliza kwa nusu saa kisha huchochea tindikali zaidi. Na magadi anayokoroga mtu kwenye maji ili acheue ni sodiamu tupu.

Kuna virutubisho viwili vinavyonitia wasiwasi kuliko hivyo ulivyonunua. Cha kwanza ni vidonge au sindano za "vitamini za neva", yaani B1, B6 na B12. Zenyewe hazidhuru tumbo. Tatizo ni kwamba ziko bidhaa zenye vitamini hizo zikiwa zimechanganywa na diklofenaki ndani ya kidonge kimoja, na mgonjwa anadhani anaongeza vitamini kumbe ameongeza dozi. Mchanganyiko huo haukubuniwa kulinda tumbo. Utafiti uliofanyika Brazili na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wenye maumivu ya ghafla ya mgongo waliopewa diklofenaki na vitamini B walipona mapema na kuacha dawa mapema zaidi. Faida ni siku chache za kumeza, na hiyo ni kwa maumivu ya ghafla, wala si magoti ya miaka. Cha pili ni "dawa asilia" za viungo zinazoondoa maumivu ndani ya siku moja. Mmea haufanyi hivyo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa maonyo mfululizo kuhusu virutubisho vya viungo vilivyouzwa kwa jina la Artri King, kwa sababu vilikutwa na diklofenaki na deksametasoni, dawa ya steroidi, ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Steroidi na diklofenaki kwa pamoja ni njia ya mkato ya kupata kidonda kinachovuja damu. Kama mama amewahi kutumia kitu cha namna hiyo kwa wiki kadhaa, asikikate ghafla bila kumwambia daktari, kwa kuwa mwili uliozoea steroidi unaweza kuzimia ukinyimwa.

Kwa hiyo soma kila boksi lililomo ndani ya nyumba, hata la mafua. Maandishi ya kutafuta ni diclofenac, ibuprofen, naproxen, piroxicam, meloxicam, indomethacin, ketoprofen na aspirin. Zote ni ndugu. Mbili kwa pamoja haziongezi nafuu, zinaongeza vidonda.

Sasa kinacholinda kweli. Cha kwanza umeshakisikia: kuiacha dawa yenyewe. Pale ambapo mtu hana budi kuitumia, ulinzi ni omeprazoli miligramu 20 mara moja kwa siku, au ndugu zake kama pantoprazoli na lansoprazoli. Hazirudishi prostaglandini. Zinafunga bomba la tindikali, hata ngozi ya tumbo ikikosa kinga isikutane na cha kuila. Namna ya kumeza ndiyo inayoharibu kazi kwa wengi. Kapsuli imezwe nzima asubuhi, nusu saa kabla ya chai, kila siku ambayo dawa ya maumivu inamezwa. Mtu anayeitupia mdomoni baada ya kula, au usiku tumbo likiuma tu, hajalindwa. Asiifungue na kusaga chembechembe zake, kwa kuwa zimevikwa ganda ili tindikali isiziue kabla hazijafyonzwa. Magnesiamu ya kutafuna inapooza kiungulia kwa saa moja mbili, ila haizuii vidonda. Inaweza hata kuficha dalili. Misoprostoli inazuia vidonda kwa sababu yenyewe ni prostaglandini ya kutengenezwa, lakini huharisha sana na ni hatari kwa mimba, hivyo iwe mikononi mwa daktari tu.

Omeprazoli nayo isigeuzwe karanga. Inalinda tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba basi. Utumbo wa chini, figo na moyo havijaguswa na ulinzi huo. Ikitumiwa miaka inaweza kupunguza vitamini B12 na magnesiamu mwilini. Na hapa ndipo mahali pekee katika mjadala huu wote ambapo kupima vitamini kuna maana.

Kwa mama yako, kabla hujakimbilia kununua omeprazoli, kuna mpangilio wa kuzingatia. Bakteria wa tumboni waitwao H. pylori wakikutana na diklofenaki, hatari ya kidonda inazidi ile ya kila kimoja peke yake, kwa hiyo apimwe. Kipimo kizuri ni cha choo kinachotafuta bakteria wenyewe. Kile cha tone la damu kinaonyesha kinga tu, na kinaweza kusoma chanya hata kama aliugua miaka kumi iliyopita akapona. Omeprazoli ikimezwa ndani ya wiki mbili kabla ya kipimo cha choo, au antibayotiki ndani ya wiki nne, majibu yanaweza kuwa hasi ya uongo. Kwa kuwa bado hajaanza, nafasi ni hii: mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya siku hizi mbili tatu, atoe choo, kisha aanze omeprazoli. Katikati hapo anaweza kutafuna magnesiamu, saa mbili mbali na dawa nyingine. Akikutwa na bakteria, matibabu ni ya siku 14 na yamalizwe hata kama tumbo limetulia siku ya nne. Kwa umri wake na muda aliomeza dawa, daktari anaweza kutaka aingizwe kamera. Ikishindikana kwa sasa, matibabu ya omeprazoli kwa kidonda kinachodhaniwa kuwepo huwa wiki nane hivi, si pakiti moja.

Siku hiyo hiyo aombe vipimo vingine vitatu: wingi wa damu, kreatinini ya figo, na presha. Wingi wa damu kwa sababu kidonda kinaweza kuvuja tone tone kwa wiki kadhaa bila maumivu yoyote. Mtu anapauka, anachoka akipanda kilima, moyo unamdunda, na nyumbani wanasema ni malaria au safura. Sehemu kubwa ya watu wanaofikishwa hospitali wakivuja damu kwa dawa hizi hawakuwa na kiungulia kabla. Ndiyo maana ushuhuda wa "nilitumia mlonge, tumbo likatulia" hauthibitishi kitu.

Kreatinini kwa sababu ya jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko tumbo. Losatani, haidroklorothiazaidi na diklofenaki zikikutana, figo zinabanwa pande tatu: haidroklorothiazaidi inapunguza maji, losatani inalegeza mshipa wa kutoka kwenye chujio la figo, diklofenaki inabana mshipa wa kuingia. Mgonjwa akiharisha au akishinda juani shambani bila maji, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Diklofenaki pia hupandisha presha na kuzipinga dawa zake. Inawezekana mama ameongezewa dozi ya presha kwa sababu ya kidonge cha magoti. Hili peke yake linatosha kumfanya asirudi kwenye dawa za jamii hiyo hata tumbo likipona, wala asihamie ibuprofeni, ambayo zaidi ya hayo inaweza kuizuia aspirini junia isifanye kazi.

Aspirini yenyewe: kama aliwahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, aendelee nayo, akiwa na omeprazoli. Kama alipewa "kwa ajili ya presha" tu, amuulize daktari kama bado inahitajika, kwa sababu kwa umri wake, asiyewahi kupata hayo mawili, madhara ya kuvuja damu mara nyingi yanazidi faida.

Sasa magoti, maana usipompa mbadala atarudi dukani. Parasetamoli si ndugu wa diklofenaki na haileti vidonda hivi. Akiwa na kilo zaidi ya 50, vidonge viwili vya miligramu 500 mara tatu kwa siku, vikipishana saa nane. Akiwa chini ya hapo, kimoja kimoja mara nne. Kwa magoti nafuu yake ni ya wastani. Inayoleta nafuu zaidi ni jeli ya diklofenaki ya asilimia 1. Ni diklofenaki ileile, lakini inayoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 tu ya ile ya vidonge. Daktari aone kwanza majibu ya figo, kisha mama aitumie. Watu wengi wanasema jeli haifanyi kazi kwa sababu wanapaka kiasi cha punje ya mbaazi. Goti moja linataka gramu 4 kila upakapo, mara tatu hadi nne kwa siku. Mrija wa gramu 20 ugawe mara tano, basi: sehemu moja ya tano ndiyo dozi ya goti moja. Ndiyo, mrija unaisha ndani ya siku mbili, na hiyo ni gharama ya kweli ya kuipanga. Afadhali apake goti linaloumia zaidi kwa kipimo sahihi kuliko magoti yote mawili kwa kuyagusagusa. Apake kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, asifunge nailoni juu, anawe mikono.

Abangue korosho akiwa amekaa kwenye kiti chenye kimo cha goti, na meza au boksi mbele yake, badala ya chini. Zoezi ni moja: akae kitini, anyooshe mguu, akaze paja kwa sekunde tano, mara kumi kila mguu, mara tatu kwa siku. Msuli wa paja ndio unaobeba goti, na tofauti huonekana baada ya wiki sita hivi, si siku sita. Akitembea na fimbo, aishike mkono wa upande wa goti zima. Na ikitokea goti moja limevimba usiku mmoja, likawa jekundu na la moto, hiyo huenda ni jongo, kwa kuwa haidroklorothiazaidi hupandisha asidi ya yuriki. Daktari aambiwe hivyo.

Mwisho ni choo, na msione haya kukiangalia. Choo cheusi kama lami, kinachonata na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, ni damu iliyomeng'enywa. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi, ila huwa kimeelekea kijani kibichi, kimeshikana na hakina harufu ile. Choo cha lami, matapishi kama mashapo ya kahawa, kizunguzungu akisimama, au maumivu ya ghafla na tumbo kuwa gumu kama ubao, usisubiri asubuhi. Asipewe maziwa wala magadi wala chochote mdomoni. Alazwe ubavu wa kushoto akiwa anatapika, atafutiwe gari, apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye damu na upasuaji, kama Ligula mjini Mtwara au Ndanda, si zahanati. Ondoka na maboksi yote ya dawa zake, pamoja na ule mfuko wa virutubisho, mpe wa kwanza atakayekupokea.